Alama Niliyoifuta Kwenye Soksi ya Msasa

Nyie mnaoanza kazi siku hizi mnakuta soksi za msasa zimetoka dukani, zimefungwa kwenye karatasi ya kaki, mshono wake hata huuoni. Mnaivika kwenye rola, mnawasha umeme, mbao inalainika. Sisemi kwamba hamfanyi kazi. Juzi nilipita karakana moja pale Chang'ombe kumsalimu binti wa jirani yangu, nikakuta wana rola ya mpira inayojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Wakitaka kulainisha mpindo mkali wanapunguza upepo, mpira unalegea, unaufuata mpindo wenyewe. Nikasimama pale naangalia mpaka yule binti akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?"

Nikamwambia, "Miaka kumi na minne, mwanangu. Endelea na kazi."

Mie nimeacha kwa sababu ya kifua. Vumbi la mvule si la kuchezea, na daktari aliniambia nichague, mbao au pumzi. Nina miaka arobaini na sita na watoto wanne, namshukuru Mungu wote wazima. Vijana wa parokia wameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Mkikuta pamepinda, pitisheni msasa.

Tuanze na mpindo, maana ndio uliotulisha. Ubao ulionyooka una randa yake. Unaupiga randa, unapita na msasa uliozungushwa kwenye kipande cha mti, umekwisha. Shida ni mkono wa kiti, au mguu wa meza uliojikunja kama shingo ya bata. Upande uliotokeza nje yeyote anausugua. Upande uliobonyea ndani ndipo mtu anapojulikana. Ukiusugua kwa vidole unaacha mabonde, kwa sababu kidole hubonyeza pale kinapotaka chenyewe. Kwa macho huyaoni. Ngoja vanishi ipakwe sasa, kila bonde linang'aa kivyake, utadhani barabara ya Kilwa baada ya mvua.

Ndiyo maana ya rola. Mwenye karakana yetu, hapo hapo Chang'ombe, alikuwa Kalasinga mmoja, sie tulimwita Mistri, mtu mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau. Alikereza gogo la mvule likawa mviringo, nene kama paja la mtu mzima, refu kama kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Akalitoboa katikati, akalitia kwenye chuma kilichozungushwa na mkanda wa ngozi kutoka kwenye injini iliyokuwa inanguruma uani. Juu ya gogo unavika soksi, yaani msasa wenye mgongo wa kitambaa, umekatwa na kugundishwa ukawa kama mkono wa shati. Unaisukuma mpaka mwisho, unapigilia kabari kwenye ufa wa gogo, gogo linatanuka, soksi inabana. Hapo unaleta mpindo wako, bonde la mbao linakaa juu ya mgongo wa rola. Baadaye alikereza rola ya pili, nyembamba, ya mipindo midogo.

Kwenye rola ile kubwa alisimama Mzee Chilumba. Alitoka Newala, alikuwa mchonga vinyago tangu ujana wake, na alikuja mjini kwa miguu yake mpaka Lindi na kwa meli kutoka hapo. Alikuwa na vidole ambavyo sijaona kwa mtu mwingine. Anapitisha dole gumba kwenye mbao huku anaangalia pembeni, anaongea habari nyingine kabisa, halafu anasema, "Hapa pana kilima." Unaangalia, huoni kitu. Unapitisha penseli ukiilaza, kweli, penseli inashika pale pale.

Mie nilianzia kibandani. Wanawake watano tulikaa kwenye vigoda nyuma ya karakana, tunasugua kwa mkono kila ambacho rola haikifikii, kila mmoja na mguu wa kiti mapajani. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, gunia lilimwangukia mgongoni, na tangu siku ile nyumba ilinitegemea mie. Mkubwa wetu kibandani alikuwa Bi Zaina, mtu wa Kilwa, mdomo wake ungekata mbao bila msumeno.

"Mama Tabitha," ananiambia siku za mwanzo, "huyo mtoto wako halali? Toka asubuhi unamsugua mgongo!"

"Ana mafua," nikamjibu.

"Basi mpe mama yake mwingine, wewe chukua huyu mwenye afya." Akanirushia mguu mnene kuliko ule.

Mistri aliponiita nikasimame kwenye rola ndogo, ilikuwa kama ajabu. Mwanamke na mkanda unaozunguka! Bi Zaina akanifunga kanga yangu kwa pini nne, akaivuta kiunoni mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. "Nenda ukatuwakilishe," akasema. "Ukikatwa kidole usikilete huku, hatuna pa kukiweka." Na nyie wasichana sikieni hapo: kitu chochote kinachoning'inia kiacheni nyumbani. Mie mkanda ulinichukua kitambaa cha kichwa wiki ya pili. Kilizunguka juu karibu na dari mara tatu kama bendera, kikarudi kimechanika, na mie nikabaki nimeshika nywele zangu, nasali Salamu Maria.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo kila mgeni hufanya. Nilishika mkono wa kiti, nikauweka juu ya rola, nikatulia ili nifanye vizuri. Moshi ukatoka.

"Mama Tabitha," Mzee Chilumba akasema bila kugeuka, "unapika?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza, unapika? Maana harufu ya ukoko naisikia."

Nikainua mbao, pana alama nyeusi upana wa kidole. Akaja, akaishika, akanionyesha. Mbao isisimame juu ya rola hata kidogo. Unailetea rola ikiwa tayari inatembea, na unaiondoa ikiwa bado inatembea. Usibonyeze, ukiona unabonyeza ujue soksi imekwisha, ibadilishe. Kwenye mpindo shuka na nyuzi za mbao kutoka kilimani kwenda bondeni, kisha geuza, shuka tena kutoka upande wa pili, njia mbili zikutane chini. Ukipanda nyuzi zinasimama na mbao inakuwa na manyoya. Na kabla ya soksi laini ya mwisho, pangusa mbao na kitambaa kibichi, iache ikauke, nyuzi zilizolala ziamke, ndipo uzikate. Mwenye haraka huruka hapo, na vanishi humsema mbele za watu.

Kitu kingine ambacho sikioni siku hizi. Msasa ukijaa unga wa mbao hautupwi. Chukua soli ya kiatu cha raba, ibonyeze kwenye soksi ikiwa inazunguka, unga wote unatoka, msasa unakuwa kama mpya. Niliokota soli moja nyuma ya ofisi, nikaitumia wiki nzima. Ijumaa Mistri akatoka ameshika kiatu kimoja, anauliza nani ameona soli ya mwenzake, aliyoiacha nyuma ya ofisi ipelekwe kushonwa. Karakana nzima ikaangalia rola yangu. Nikamkabidhi kilichobaki, unene wa mkate wa chapati. Alipiga kelele mpaka adhuhuri. Jumamosi yake akaniletea na kile cha pili.

Sasa soksi zenyewe. Hizi tulitengeneza wenyewe, na ndizo zilizoniingiza katika jambo ambalo nataka mlijue.

Unakata msasa, ncha zake unazikata mshazari, siyo moja kwa moja, ili mshono usigonge mbao wote kwa mara moja. Unakwangua chenga kwenye ncha moja, unapaka gundi ya moto, ile ya ngozi na mifupa iliyokuwa inanuka mpaka kwenye uji wa watoto, unapandisha ncha juu ya ncha, unabana kwa mbao mbili. Ncha moja iko juu, nyingine iko chini. Fikirini makuti ya paa. Yakipangwa vizuri maji yanateleza kutoka kuti la juu kwenda la chini. Ukiyapanga kinyume maji yanaingia ndani ya nyumba. Na soksi ni hivyo hivyo: ina upande wake wa kuzungukia. Ukiivika sawa, mbao inateleza juu ya mshono. Ukiivika kinyume, mbao inaikuta ile ncha uso kwa uso, inaifungua, na msasa unachanika huku unachimba.

Ili tusikosee, Mzee Chilumba alikuwa na alama yake. Alichanganya udongo mwekundu na gundi, akaweka donge dogo kama punje ya mtama ndani ya soksi, kwenye ukingo mmoja. Ukingo wenye donge unakaa nje, upande wako, basi. Alifanya hivyo tangu rola ilipoanza.

Mie wakati huo nilikuwa naenda darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki, ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu alikuwa karani, mtu wa bara, msafi sana, na alipenda kuchora mishale ubaoni: neno hili linakwenda kwenye picha ile. Niliona mshale ni kitu cha watu waliosoma. Nikaanza kuyaangalia yale madonge ya udongo, nikayaona uchafu. Mengine yalibanduka, mengine yaliacha unga mwekundu kwenye gogo. Nikasema moyoni, hapa patakuwa na mshale wa penseli, safi, unaoonyesha rola inazungukia wapi.

Ijumaa moja Mzee Chilumba hakuja, alikwenda kuzika Mbagala. Siku hiyo nilitengeneza soksi mpya sita za rola kubwa, kila moja na mshale wake ndani. Halafu nikachukua zile nne za zamani, nikakwangua madonge yote kwa kisu, nikachora mishale. Nilifurahi sana. Nilipanga kumwonyesha Mzee Jumamosi asubuhi, kama mtoto anayempelekea baba daftari.

Jumamosi nilipofika Mistri akanituma moja kwa moja nyuma kwenye chungu cha gundi, kwa sababu viungo vya viti vilikuwa vinangoja. Vilikuwa viti sita vya mninga vya mkubwa mmoja wa serikali. Mikono kumi na miwili, yote imetoka gogo moja ili rangi ilingane, na gogo lilikuwa limekwisha. Mbao nyingine kama ile ingetoka Tabora kwa reli, na hakuna aliyejua lini. Mzee Chilumba alikuwa ameshamaliza mikono kumi na mmoja tangu Alhamisi. Umebaki mmoja. Nikawa nakoroga gundi, nasema nitamwambia habari ya mishale saa ya chai.

Saa ya chai haikufika. Nilisikia kishindo kidogo, halafu mlio kama shuka inayochanwa, halafu mkanda ukapigwa chini, rola ikasimama.

Nilipotokea mlangoni soksi ilikuwa inaning'inia kwenye rola vipande viwili. Mzee Chilumba amesimama ameushika mkono wa kiti, dole gumba liko ndani ya shimo. Urefu wa kidole, kina cha punje ya mchele. Pale pale kwenye bonde, mahali ambapo mtu akikaa anapumzisha mkono.

Mistri akaja. "Chilumba! Nini hii?"

"Soksi imekamata, bwana."

"Miaka yote haikamati, leo inakamata? Nani amevika?"

"Mimi."

Mistri akaichukua soksi, akaigeuza. "Umevika kinyume. Mtu miaka yote anavika soksi, leo anavika kinyume." Akaitupa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na ile ndogo ilikuwa mbaya kuliko kelele zake zote: "Macho yako yamekwisha, mzee. Mimi naona siku nyingi. Unagonga mlango. Chai unamwaga nje ya kikombe. Chukua vitu vyako. Jumatatu usije."

Mie niliiona ile soksi ilipoangukia. Mshale wangu ulikuwa unanitazama, mzuri, umenyooka, na umeangalia nyuma.

Nikanyamaza. Naliandika hivyo hivyo, sitaki kulivisha nguo. Niliwaza mgongo wa mume wangu, nikawaza rola yangu ndogo ambayo mwanamke hakuwahi kuipata, nikabana mdomo. Mzee Chilumba alifunga tupa zake kwenye kitambaa, akapita karibu yangu kwenda nje.

"Gundi yako inaungua, Mama Tabitha," akasema, akaenda.

Kesho yake kanisani watu waliinuka kwenda kupokea komunyo, mie nikabaki kwenye benchi. Tabitha wangu alikuwa na miaka kumi, anajua mama yake hajawahi kubaki. Akaniinamia, "Mama, unaumwa?"

"Naam."

"Wapi?"

Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Misa ilipoisha nikawatanguliza watoto nyumbani, nikaenda kwa Mzee Chilumba, Temeke huko ndani, nyumba ya udongo yenye ua wa mabua. Nikamkuta uani anachonga mwiko. Hakuuangalia hata mara moja, ulikuwa unatoka wenyewe mikononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu. Gundi ilipona?"

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia yote: mishale, kisu, madonge. Nilipofika kwenye madonge kisu chake kikasimama.

"Kumbe wewe," akasema.

"Mimi."

"Donge lile lilikuwa linakukosea nini?"

"Niliona ni uchafu, Mzee. Niliona mshale unapendeza."

Akachonga kidogo. Akaacha tena. "Mie nilipapasa. Nilipapasa ukingo huu, hakuna. Nikapapasa ule, hakuna. Nikachukua soksi ya pili, ya tatu, hakuna. Nikajua kuna kitu kimebadilishwa."

"Sasa mbona hukuniita? Nilikuwa nyuma pale, hatua ishirini!"

"Nikuite nikuambie nini? Njoo unitafutie alama? Ungeniuliza, kwani huioni? Na mie ningesema nini?" Akacheka, lakini si cheko la kufurahi. "Penseli siioni, mama. Mwaka wa pili huu. Mlango nauona, mtu namwona, mbao naiona rangi. Penseli hapana. Lile donge niliweka kwa ajili ya kidole tangu mwanzo, sasa ndilo jicho langu. Nikaona aibu kukuita, nikabahatisha. Nusu kwa nusu."

Nilitaka anitukane, lingekuwa jepesi. Hakunitukana. Hakusema pia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme, maana kusamehewa uani Temeke wakati kazi yake imebaki Chang'ombe ni jambo dogo.

"Kesho nitamwambia Mistri," nikasema.

"Atakufukuza na wewe. Tutakuwa wawili tunachonga miiko." Akageuza mwiko wake. "Lile shimo limeingia kiasi gani? Mie nililigusa tu."

"Punje ya mchele."

"Punje imelala au imesimama?"

"Imelala."

Akapitisha dole gumba kwenye mwiko. "Basi linatoka," akasema. "Lakini si kwa kuziba. Ukiziba, rangi itasema. Unashusha bonde lote mpaka lifike chini ya shimo. Na ukishusha mkono mmoja, kiti kitakuwa kilema. Unashusha yote kumi na miwili."

"Yote? Na ile kumi na mmoja mizuri?"

"Yote. Na inalingana kwa kidole, siyo kwa jicho."

Jumatatu nilimngoja Mistri mlangoni kabla hajafungua kufuli. Nilimwambia yeye akiwa na ufunguo mkononi. Alisikiliza. Alipoelewa, hasira zikampanda.

"Wewe! Mwanamke nampa rola, mwanamke anaharibu alama! Nani amekuambia ufute?"

"Hakuna, bwana."

"Sasa nyie wawili mmeharibu. Nyie wawili mtakwenda."

Nikamwambia lile la kushusha mikono yote. Akatikisa kichwa. "Ukiharibu kumi na mmoja mizuri? Mimi nampa yule bwana nini, benchi?"

"Mbao nyingine inakuja lini, bwana?"

Akafungua kufuli, akaingia, akatoka tena. "Mpaka Jumatano jioni. Ikitoka sawa, Chilumba anarudi kazini. Isipotoka, nyie wote nje. Na wewe sikia: hata ikitoka sawa, wewe na rola basi. Hii rola si ubao wa shule."

"Sawa, bwana," nikasema. Iliniuma.

Tukatuma mtu amwite Mzee. Tulifanya kazi siku tatu, yeye na mie, kwenye rola kubwa. Nilikata kipande cha bati kwa umbo la mpindo mpya ili nipimie. Kila mkono nilichorachora penseli bonde zima, nikaushusha kwenye rola mpaka penseli yote ifutike kwa wakati mmoja. Panapobaki alama ndipo palipo chini. Nikimaliza nampa. Anapitisha dole gumba.

"Bado."

"Bati linasema sawa, Mzee."

"Bati halijawahi kukaa kwenye kiti. Bado, hapa karibu na kiwiko."

Narudi. Nampa tena. "Hapa umezidi." Naunyakua niangalie. "Nakutania. Sawa huu, lete mwingine."

Jumanne mvua ilinyesha kutwa, gundi ya soksi ikaanza kulegea, tukawa tunazikausha juu ya jiko la mkaa zikiwa zimetundikwa kwenye mwiko ule ule aliokuwa anauchonga. Bi Zaina na wenzake walikuja kuchungulia mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Bi Zaina hakuleta kisingizio. Alisimama akasema, "Nimekuja kuangalia nani anafukuzwa kwanza," kisha akauchukua mkono uliokwisha kushushwa, akaanza kuusugua ncha zake bila kuulizwa. Ule wenye shimo tuliuacha mpaka mwisho, tukaushusha Jumatano saa nane. Shimo likawa bonde dogo, likawa kivuli, likawa hakuna. Nilipangusa na kitambaa kibichi, tukangoja ukauke, tukapita na soksi laini.

Nawaambia nyie mnaojifunza: alama yoyote mnayoikuta kazini, hata kama ni tope, kuna mtu anaishi nayo. Ulizeni kabla hamjagusa. Na nyie ambao siku moja macho yatapungua, au masikio, au mgongo, semeni mapema. Mzee Chilumba aliniruhusu niandike haya. Alisema niweke na upande wake, nisijifanye mkosaji peke yangu kama vile kosa ni sifa.

Jioni Mistri alikuja. Tulikuwa tumeipanga mikono kumi na miwili kwenye benchi, imechanganywa. Akaangalia mmoja mmoja dirishani. Kisha akavua saa yake, akaitia mfukoni, akafumba macho. Akapitisha kiganja kwenye wa kwanza, wa pili, polepole, mpaka wa kumi na mbili. Akarudi mwanzo. Injini ilikuwa imezimwa, tukawa tunasikia ngozi ya kiganja chake inavyopita. Alipofika mwisho mara ya pili akafumbua macho.

"Upi?" akaniuliza.

Mie nilikuwa naujua. Nilikuwa na mistari ya mninga ule kichwani kama nilivyo na sura za wanangu. Nikamwangalia Mzee Chilumba.

"Mwambie," Mzee akasema.

Nikauonyesha, wa tano. Mistri akauchukua, akaupapasa peke yake, akaurudisha. Akapangusa viganja vyake.

"Chilumba, kesho saa moja. Usichelewe."

"Sawa, bwana."

Kisha akanigeukia. Alinyoosha kidevu tu kuelekea mlango wa nyuma. Nikafungua zile pini nne za kanga, nikaziweka kwenye rola ndogo kwa ajili ya atakayekuja, nikatoka. Kibandani walikuwa wamebaki wawili, Bi Zaina na mwenzake, wanamalizia miguu ya meza. Bi Zaina hakuniangalia. Alisogeza kigoda kwa mguu wake, akanitupia kipande cha msasa na mguu mmoja mbichi, wenye manyoya kila mahali.

"Ana mafua huyu," akasema. "Anza na mgongo."

Nikakaa, nikaanza.